Punje ya Nyumba ya Kwanza



Mwezi uliopita alitujia bi mkubwa mmoja wa mtaa wetu, mjane, akiwa na daftari la shule la mjukuu wake mkononi. Katika ukurasa wa mwisho wa daftari lile alikuwa ameandika deni lake. Alikopa shilingi 5,000 kwa mtu akopeshaye fedha, kwa sharti la kuongezwa 20 kwa mia kila mwezi. Mwaka ukapita asilipe kitu, kwa maradhi na kwa kukosa. Kwa hesabu yake yeye, 20 kwa mia ya 5,000 ni 1,000. Miezi 12 ni 12,000. Pamoja na zile 5,000 zenyewe, deni ni 17,000. Aliyemkopesha alimdai 44,580.

"Wanangu," akatuambia, "nyinyi mmesoma. Nionyesheni hapa nilipoibiwa."

Hatukumjibu papo hapo. Barazani palikuwa na watoto wakicheza dama kwa vifuniko vya chupa, na tulipoutazama ubao wao wenye viraba 64 tulikumbuka kisa cha kale, na namba kubwa iliyomo ndani yake. Jibu la bi mkubwa limo katika namba hiyo. Basi leo tunawaeleza wasomaji kama tulivyomweleza yeye, hatua kwa hatua. Twajua wako watakaotaka kufunua ukurasa wakidhani kwamba mambo ya hesabu ni ya watoto wa shule. Twawaomba wasubiri kidogo. Hesabu yote ya leo ni ya kujumlisha na ya kuzidisha kwa mbili, na kila mama aliyewahi kupima mchele wa wageni anaiweza.

Kisa chenyewe kimehifadhiwa na Ibn Khallikan, kadhi na mwanahistoria aliyezaliwa Irbil, katika nchi ya Iraki, mwaka 1211, na kufariki Damascus mwaka 1282. Katika kitabu chake kikubwa cha maisha ya watu mashuhuri, Wafayat al-A'yan, alipofika kwa Abu Bakr as-Suli, aliyesifika kwa kucheza sataranji, alieleza habari za asili ya mchezo huo. Alisimulia kwamba Mhindi mmoja aitwaye Sissa bin Dahir aliubuni mchezo huo kwa ajili ya mfalme Shihram. Mfalme alifurahi mno, akamwambia aombe atakacho. Sissa akaomba ngano: punje moja katika nyumba ya kwanza ya ubao, mbili katika nyumba ya pili, nne katika ya tatu, nane katika ya nne, na hivyo kila nyumba iwe maradufu ya iliyotangulia, hadi nyumba ya 64. Waarabu hukiita kila kiraba cha sataranji nyumba, nasi tutalifuata neno lao.

Mfalme aliliona ombi lile ni dogo, lisilostahiki ukarimu wake. Waandishi wake wa hesabu walipokaa chini, walimrudia na habari kwamba ngano yote ya milki yake haitoshi kulitimiza. Ikiwa mambo yalitokea hivyo au hayakutokea, si kazi yetu kuhukumu. Hesabu yake ndiyo isiyo na shaka. Punje za nyumba zote 64 zikikusanywa pamoja ni hizi:

18,446,744,073,709,551,615.

Ni namba yenye tarakimu 20. Atakaye kuisoma kwa ulimi na aseme kwamba ni zaidi ya milioni ya milioni ya milioni, mara 18.

Ibn Khallikan, pamoja na elimu yake yote, hakuona haya kukiri kwamba jambo hilo lilimtia shaka. Hakusadiki kwamba punje moja yaweza kufikia kiasi hicho, mpaka alipokutana na mwandishi mmoja wa hesabu wa Iskandaria aliyemwonyesha karatasi yenye hesabu nzima. Njia ya bwana yule yapendeza, kwa sababu hakujisumbua na tarakimu ndefu. Alibadilisha chombo cha kupimia.

Alihesabu punje moja moja hadi nyumba ya 16, akapata 32,768. Akaona kwamba kiasi hicho cha ngano ni ujazo wa kipimo kimoja cha Misri kiitwacho qadah. Tangu hapo akaacha punje, akahesabu qadah. Nyumba ya 20 ikawa qadah 16, ambazo ni wayba moja. Wayba sita ni irdabu moja, naye akaendelea kwa irdabu. Nyumba ya 40 ikawa irdabu 174,762 na thuluthi mbili. Kiasi hicho akakihesabu kuwa ni ghala moja, akaendelea kwa maghala. Nyumba ya 50 ikawa maghala 1,024. Maghala hayo akayahesabu kuwa ni mji mmoja. Na nyumba ya 64 ikawa miji 16,384, kila mji ukiwa na maghala 1,024 yaliyojaa ngano.

Njia hiyo si ngeni kwa watu wa pwani yetu. Wazee wetu walipima nafaka kwa vibaba na pishi, vibaba vinne vikiwa pishi moja, na mpaka leo pishi hutajwa kila inapofika zaka ya fitri. Kwa mchele wa nyumbani, punje 32,768 za nyumba ya 16 hukaribia kibaba kimoja, na nyumba mbili mbele yake, yaani ya 18, hukaribia pishi. Mwanamke anayejua kutoka kwenye kibaba hadi pishi, na kutoka kwenye pishi hadi gunia, amekwisha kushika ufunguo wa yule bwana wa Iskandaria.

Siku ile barazani tulifanya jaribio. Tuliwaomba watoto ubao wao, tukaleta ungo wa mchele, tukaanza kupanga. Safu ya kwanza ina nyumba nane: 1, 2, 4, 8, 16, 32, 64, 128. Jumla yake ni punje 255, nazo hazikujaza kijiko cha kulia. Mtoto mmoja akacheka, akasema kwamba mfalme alikuwa na haki ya kulidharau ombi lile. Katika safu ya pili vidole vilichoka, tukaacha kuhesabu punje tukashika mizani. Tulikadiria kwamba kilo moja ya mchele ina punje 40,000 hivi. Safu mbili kwa pamoja zina punje 65,535, kiasi cha kilo moja na nusu na zaidi kidogo, yaani chakula cha mchana cha nyumba moja yenye watu wengi.

Safu ya tatu haikuwezekana tena kuipanga barazani. Safu tatu pamoja ni punje 16,777,215, karibu kilo 420, yaani magunia manne na nusu na ushei ya kilo 90. Safu ya nne ndiyo inayofika katikati ya ubao. Nyumba zote 32 za mwanzo zina punje 4,294,967,295, karibu tani 107, ambazo ni magunia yapata 1,190. Ni mchele mwingi, lakini tajiri mmoja mwenye maghala aweza kuutoa. Kwa hiyo mfalme aliyefika katikati ya ubao bado anatabasamu, na nyumba zilizobaki mbele yake ni sawa kwa idadi na zile alizokwisha kuzipita.

Nusu ya pili ndiyo iliyomfilisi. Ubao mzima, kwa kadirio lile lile la punje 40,000 kwa kilo, ni tani bilioni 461. Dunia nzima katika zama zetu huvuna mchele uliokobolewa wa tani milioni 500 na kitu kwa mwaka. Watu wote wa dunia wangeacha kula wali kwa zaidi ya miaka 800, wakaweka kila punje, ndipo ombi la Sissa litimie.

Sasa tuiangalie namba yenyewe, maana ina tabia zake, na tabia hizo hujulikana bila ya kupanga hata punje moja.

Tabia ya kwanza ni hii: kila nyumba ina punje moja zaidi ya nyumba zote zilizo nyuma yake zikijumlishwa. Nyumba ya nne ina nane, na zilizo nyuma yake ni moja na mbili na nne, jumla saba. Nyumba ya tano ina 16, na zilizo nyuma yake jumla yake ni 15. Kwa nini iwe hivyo daima? Tuazime punje moja kwa jirani, azima ya kheri isiyo na nyongeza. Tuiweke pamoja na punje ya nyumba ya kwanza: zimekuwa mbili, sawa na nyumba ya pili. Tuzichanganye na za nyumba ya pili: zimekuwa nne, sawa na nyumba ya tatu. Tuzichanganye na za nyumba ya tatu: zimekuwa nane, sawa na ya nne. Kila tufikapo, fungu letu liko sawa na nyumba inayofuata. Tukimaliza nyumba ya 64, fungu litakuwa 18,446,744,073,709,551,616. Hapo tumrudishie jirani punje yake moja, na jumla yetu ndiyo ile ile inayoishia kwa 615.

Maana ya tabia hiyo ni nzito. Nyumba ya 64 peke yake ina punje 9,223,372,036,854,775,808, nazo ni nyingi kuliko nyumba 63 zote zilizotangulia. Hatua moja ya mwisho imeishinda safari nzima.

Tabia ya pili ilielezwa na Abu Rayhan al-Biruni, mwanachuoni wa Khwarizm aliyezaliwa mwaka 973. Katika kitabu chake al-Athar al-Baqiya, alichokiandika karibu na mwaka 1000, aliitoa jumla hii kamili, miaka zaidi ya 200 kabla ya Ibn Khallikan kuzaliwa. Alionyesha kwamba hakuna haja ya kuzidisha kwa mbili mara 64. Chukua nyumba yoyote, uizidishe idadi yake kwa yenyewe. Utapata idadi ya nyumba iliyo mbele kwa umbali ule ule uliopo kati ya nyumba uliyoichukua na nyumba ya kwanza. Nyumba ya tano ina 16, nayo iko hatua nne kutoka nyumba ya kwanza. Kumi na sita mara 16 ni 256, na hiyo ndiyo nyumba ya tisa, hatua nne mbele. Mia mbili hamsini na sita mara yenyewe ni 65,536, nyumba ya 17. Hiyo mara yenyewe ni 4,294,967,296, nyumba ya 33. Na hiyo nayo mara yenyewe yatufikisha kwenye nyumba ya 65, ambayo haipo ubaoni. Tukipunguza moja, kwa ile tabia ya kwanza, tumepata jumla ya ubao wote. Kuzidisha mara nne tu kumetosha mahali pa kuzidisha mara 64.

Jawabu refu kama hili huhakikishwaje? Ziko njia ambazo mtoto wa darasa la sita aweza kuzitumia. Tunapozidisha kwa mbili, tarakimu ya mwisho huzunguka: 2, 4, 8, 6, kisha 2, 4, 8, 6 tena. Baada ya kuzidisha mara 64 mzunguko unaishia kwenye 6, kwani 64 hugawanyika kwa nne. Ukiondoa moja inabaki 5, na kweli namba yetu huishia kwa 5, basi inagawanyika kwa tano. Ukizijumlisha tarakimu zake zote 20 utapata 87. Kwa kuwa 87 hugawanyika kwa tatu, na namba yetu nayo hugawanyika kwa tatu. Na kwa kuwa 87 haigawanyiki kwa tisa, na namba yetu nayo haigawanyiki kwa tisa.

Tabia ya tatu huonekana ukiukunja ubao nusu kwa nusu. Nusu ya pili ya ubao ni nakala ya nusu ya kwanza, isipokuwa kila nyumba imezidishwa mara 4,294,967,296. Kwa hiyo ubao mzima ni nusu ya kwanza mara 4,294,967,297. Ikunje nusu hiyo nayo: ni safu mbili za mwanzo, yaani 65,535, mara 65,537. Zikunje safu mbili: ni safu moja, yaani 255, mara 257. Ikunje safu moja: ni nyumba nne, yaani 15, mara 17. Nyumba nne ni nyumba mbili, yaani 3, mara 5. Basi namba yetu kubwa imejengwa kwa kuzidisha 3, 5, 17, 257, 65,537 na 4,294,967,297, na kila moja kati ya hizo imezidi kwa moja juu ya namba ya nyumba mojawapo ya ubao.

Hapa pana mazingatio. Katika karne ya 17 Mfaransa Pierre de Fermat, mmoja wa wanahesabu wakubwa wa Ulaya, alizichunguza namba za mfululizo huu. Tano za mwanzo ni namba tasa, yaani hazigawanyiki ila kwa moja na kwa zenyewe. Fermat aliamini kwamba na zinazofuata zote ni tasa. Hakuwa na uthibitisho; aliona tano zimemnyookea, akadhani ya sita ni kama hizo. Mwaka 1732 Leonhard Euler, Mswisi, alionyesha kwamba ya sita, 4,294,967,297, si tasa: ni 641 mara 6,700,417. Mwenye shaka na achukue kalamu azizidishe. Hesabu yake haizidi karatasi moja. Kwa hiyo namba yetu, ikichambuliwa hadi mwisho, ni zao la namba tasa saba: 3, 5, 17, 257, 641, 65,537 na 6,700,417. Na kwa kuwa ni saba zilizo mbalimbali, namba zinazoigawanya bila ya baki ni 128, sawa na punje za nyumba ya nane.

Namba hii, ingawa ni ya kale, imo mikononi mwetu kila siku. Simu nyingi za sasa huhesabu kwa mafungu ya alama 64, kila alama ikiwa kama swichi iliyowashwa au iliyozimwa, na kila swichi ina uzito wa nyumba yake ubaoni. Swichi zote 64 zikiwashwa, idadi inayopatikana ni hii hii ya Sissa. Na idadi yoyote iliyo chini yake hupatikana kwa kuchagua nyumba fulani na kuacha nyingine, wala hakuna idadi inayopatikana kwa njia mbili.

Turudi sasa kwa bi mkubwa na daftari lake. Baada ya mchele kurudishwa ungoni, tuliandika naye mwezi kwa mwezi. Mwezi wa kwanza, 5,000 na 20 kwa mia yake ni 6,000. Mpaka hapo hesabu yake na ya mkopeshaji ni moja. Mwezi wa pili yeye aliongeza 1,000 tena, akapata 7,000. Mkopeshaji alichukua 20 kwa mia ya zile 6,000, akapata 7,200. Tofauti ni shilingi 200 tu, na nani asingeipuuza? Mwezi wa tatu ni 8,640. Mwezi wa nne ni 10,368: deni limezidi maradufu. Mwezi wa nane ni 21,499. Mwezi wa 12 ni 44,580 na senti.

Hatukuweza kumwonyesha palipoibiwa katika kujumlisha, kwa sababu mkopeshaji alijumlisha sawasawa. Kosa lilikuwa ndani ya sharti lenyewe, na bi mkubwa hakuelezwa maana yake. Yeye alidhani deni litaongezwa, kumbe lilikuwa likizidishwa. Kinachoongezwa hupanda ngazi kwa kimo kimoja kila siku. Kinachozidishwa hutembea juu ya ubao wa Sissa, na kila miezi minne deni lile lilisogea nyumba moja. Kwa mwaka mmoja lilikuwa limefika nyumba ya nne.

Bi mkubwa aliweka kifuniko cha chupa juu ya nyumba ya nne, akakitazama. Kisha akauliza: "Na lau ningengoja mwaka mwingine?" Tulikisogeza kifuniko hadi nyumba ya saba. Kwa hesabu kamili, mwisho wa mwaka wa pili angedaiwa zaidi ya shilingi 397,000 kwa mkopo wa 5,000. Alinyamaza, akajifunika vizuri kanga yake, akaomba maji.

Qur'ani tukufu, katika Sura Aal Imran aya ya 130, inapokataza riba, yaitaja kwa sifa hii hasa ya kuzidi maradufu juu ya maradufu. Na katika Suratul Baqara, aya za 279 na 280, imebainishwa kwamba mwenye kutubia riba ana haki ya rasilimali yake tu, na kwamba mdaiwa aliye katika dhiki apewe muda. Wazee wa mtaa wamekaa na mkopeshaji kwa mujibu wa maneno hayo. Tunapoandika, mazungumzo hayajaisha. Amekubali kusimamisha nyongeza, na bi mkubwa ameanza kurudisha zile 5,000 kidogo kidogo kwa biashara yake ya mahamri.

Kwa wasomaji wetu, iko kanuni fupi ya kujua mapema mwendo wa kitu kinachozidishwa. Imo katika kitabu cha Mtaliana Luca Pacioli kilichochapishwa Venice mwaka 1494, nayo ni kuigawanya 72 kwa idadi iliyo juu ya mia. Jawabu ni muda, kwa kukadiria, ambao kitu hicho hufika maradufu. Ukiambiwa 20 kwa mia kila mwezi, 72 gawanya kwa 20 ni 3.6: chini ya miezi minne. Ukiambiwa 10 kwa mia kila mwezi, ni miezi saba hivi. Ukiambiwa nane kwa mia kila mwaka, kama bei za vitu zinavyoweza kupanda, ni miaka tisa kabla ya bei ya unga kuwa mara mbili. Hesabu hii hufanywa kichwani, sokoni, bila ya simu.

Na kabla ya kutia sahihi au kidole kwenye karatasi yoyote, mwanamke na aulize mambo matatu: nyongeza ni ngapi kwa mia, ni kwa kila muda gani, na huhesabiwa juu ya nini, juu ya mali ya asili au juu ya deni lililokwisha kukua? Swali la tatu ndilo ambalo bi mkubwa wetu hakuliuliza. Safu ya kwanza ya ubao hudanganya macho ya kila mtu. Ilimdanganya mfalme, ikamtia shaka kadhi, na mfululizo uliojengwa juu yake ukamkosesha Fermat. Waliookoka ni wale waliochukua kalamu mapema, wangali kwenye nyumba za mwanzo, wakati punje bado zinaenea kwenye kijiko.

Hii ndiyo sababu tunawasihi wazazi wasiwaachie wana wa kiume peke yao elimu ya hesabu. Binti atakayesimamia nyumba, chama cha akina mama, au mirathi ya wadogo zake, anaihitaji kama anavyohitaji kusoma na kuandika. Jioni moja ya wiki hii leteni ubao wa dama na kikombe cha mchele, mkae mkekani na watoto. Waulizeni: nyumba ya 11 ina punje ngapi, na nyumba kumi zilizo nyuma yake zina ngapi kwa jumla? Jawabu tutaliandika juma lijalo, Mwenyezi Mungu akitujaalia uzima. Mchele usitupwe, uoshwe na upikwe.

Wassalaam alaykum.